Vishimo Kwenye Dirii

Rangi ya dhahabu ilipokataa kushika kwa mara ya tatu, Santing aliweka chini bunduki yake ya kupulizia, akavua kitambaa cha puani, akatukana. Alitukana kwa sauti ya chini, maana ilikuwa Kwaresima, na mama mkwe wake alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi akichambua majani ya mlonge.

"Zeny!" akamwita mkewe. "Njoo uone majarini yako ilichofanya."

Zeny alitoka jikoni na unga wa uwanga mpaka kwenye nyusi. Msimu wa Wiki Takatifu wageni hujaa kisiwani, na kila mgeni hataki kurudi kwao bila pakiti ya biskuti za uwanga, zile zinazoyeyuka mdomoni kabla hujazitafuna. Alikuwa na oda ya pakiti themanini, na trei moja ilikuwa motoni.

Dirii, vazi la kivita la kifua na mgongo, ililala kifudifudi juu ya matairi mawili, la, ngoja niseme vizuri: ililala chali, kifua juu. Ilikuwa ya faiba, ile ile ambayo Santing aliitumia kutengenezea mabodi ya pikipiki za abiria za magurudumu matatu na kuzibia matangi ya maji. Alikuwa ameichonga misuli ya kifua na tumbo kama ya mtu asiyekula wali. Kila mahali iling'aa kama kengele ya kanisa, isipokuwa katikati ya kifua. Hapo palikuwa na vishimo, kila kimoja sawa na punje ya dengu, duara kabisa, kina ukingo uliovimba, na ndani yake inaonekana praima, ile rangi ya chini, ya kijivu. Rangi ilikuwa imepakimbia mahali pale kama watu wanavyokimbia benchi ambalo mtu amejamba katikati ya misa.

"Macho ya samaki," alisema Santing. "Rangi ikikuta mafuta haikai. Na katika nyumba hii mafuta yanatoka wapi?"

"Puani mwako," alisema Zeny.

"Sifanyi mzaha, mke wangu. Unapika majarini mchana kutwa, mvuke unapaa, unatua kwenye kazi yangu."

"Majarini yangu ina mabawa?"

"Inapaa! Miaka kumi na minane napulizia rangi, vitu kama hivi sijaviona."

"Miaka kumi na minane mimi naoka biskuti. Nilianza leo?"

Kwa bahati mbaya Doding, dereva wa pikipiki ya abiria, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri bodi yake izibwe ufa. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kufika adhuhuri, soko zima lilikuwa linajua kwamba majarini ya Zeny inapaa.

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mwaka uliopita Nanay Ipang, mama yake Zeny, alianguka kando ya mtungi wa maji, mdomo ukaenda upande. Padri aliitwa. Santing, aliyekuwa amevaa kaptura ya kazini, alipiga magoti kwenye varanda ya hospitali mbele ya watu wote akaweka nadhiri: bibi huyu akiinuka, Pasaka ijayo nitakuwa Akida. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amevaa kinyago katika igizo la Wiki Takatifu kama askari wa Kirumi wa kawaida, wale mia na zaidi wanaozurura mitaani wiki nzima wakitisha watoto. Akida ni mmoja tu. Ni yule wa jicho moja, anayemwamini Yesu pale msalabani, anayekimbizwa na wenzake mara tatu, na Jumapili ya Pasaka anakatwa kichwa.

Nanay Ipang akainuka. Aliinuka mpaka ikazidi: alirudi jikoni, akarudi kwenye kazi yake ya kukanda watu viungo, akarudi kumkosoa mkwewe. Lakini siku za karibuni Santing alikuwa ameona mkono wake wa kushoto unatetemeka kikombe kikiwa mkononi. Hakumwambia mtu. Alijua nadhiri isiyolipwa inadaiwa wapi.

Na kamati ya igizo ilikuwa imesema wazi: mavazi ya Akida yakaguliwe Jumamosi saa tisa, kwenye ua wa kanisa. Yasipokuwa tayari, nafasi ni ya Dokta Arsenio, daktari wa meno, aliyenunua mavazi kamili kutoka Manila, yakaja kwenye sanduku.

"Kuanzia sasa mpaka Jumamosi," alisema Santing, "hakuna kuoka. Hakuna kukaanga. Na nywele zako ufunge, hayo mafuta unayopaka."

"Pakiti themanini, Santing."

"Unataka mama yako afe?"

Zeny alirudi jikoni akazima jiko. Trei ile ilikuwa nusu imeiva, na biskuti ya uwanga ikishaachwa nusu haina msaada, hata kuku wanaigeuza geuza tu.

*

Jumanne walikula samaki wa kuchemsha. Asubuhi, mchana na jioni. Zeny alitembea na mfuko wa nailoni kichwani, na alipokwenda sokoni kununua chumvi, akina mama wa mboga waliinua macho juu.

"Mnatazama nini?" aliuliza.

"Tunaangalia kama majarini inapita," alisema mmoja. "Nataka kukinga mkate."

Mteja wake wa pakiti thelathini alikuwepo. Alicheka pamoja na wengine, kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliouma, kwamba labda mwaka huu atachukua biskuti kwa mtu mwingine, maana amesikia za Zeny zina mafuta mengi.

Huku nyuma Santing alikuwa akipigana. Aliikausha kompresa maji yote. Alinunua thina nyingine na kopo jipya la dhahabu, peso mia tisa. Alipiga msasa chapeo na vipande viwili vya mabega mpaka mikono ikafa ganzi, akavipangusa kwa kitambaa, akavianika kivulini vikauke, akaenda kunywa kahawa yake kama alivyofanya kila siku. Aliporudi akapulizia, na rangi ikakaa vizuri kwa muda wa kuhesabu kumi. Kisha kwenye paji la chapeo ikaanza kujikunja. Kishimo kimoja, viwili, saba. Kwenye bega la kushoto vile vile. Bega la kulia vile vile.

Kwa hasira akaamua kujaribu hata mstari mwekundu wa pindo kwenye dirii, angalau apate kitu kimoja cha kujivunia. Akabandika utepe wa karatasi wa sokoni juu ya dhahabu ya jana, akapulizia nyekundu, akasubiri ikauke, akabandua. Utepe ulitoka na dhahabu yake yote, kama utando wa maziwa yaliyochemka unapoinuliwa kwa kijiko. Na mahali ulipokuwa umeshika, nyekundu ilikuwa imepenya chini yake, pindo likawa na meno kama msumeno.

Santing alikaa chini juu ya kopo tupu. Nanay Ipang akapita na kikapu chake.

"Mwanangu," alisema, "hayo mabaka mekundu ni damu ya nani?"

"Yangu, Nanay," alisema Santing.

*

Jumatano asubuhi alioga, akavaa shati la misa, akaenda kwa Aling Pacita, mwenyekiti wa kamati, kuomba siku mbili zaidi. Aling Pacita alikuwa barazani, mdomo wazi, na Dokta Arsenio alikuwa ameinama juu yake akimtazama jino. Kwa hiyo ombi lote Santing alilitoa kwa mgongo wa daktari.

"Aaah," alisema Aling Pacita.

"Anasema nini?" aliuliza Santing.

"Anasema Jumamosi," alisema Dokta Arsenio bila kugeuka. "Kuya Santing, kaka yangu, usijisumbue. Yangu yako tayari. Hata jasho hayanuki. Na nasikia tatizo ni biskuti?"

Aling Pacita alicheka na chombo cha daktari bado kiko mdomoni. Santing akatazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa na tone la dhahabu, lililokaa vizuri ajabu, halina kishimo hata kimoja.

Wakati huo huo, nyumbani, Zeny alitaka meza yake. Kama kuoka kumekatazwa, kukunja pakiti hakujakatazwa. Vipande vya mavazi vilikuwa vimetandazwa mezani kila kimoja peke yake, kama alivyozoea kuviona siku zote. Akavibeba, na kwa kukosa pa kuviweka akavitundika kwenye mti wa kuanikia, vile vinavyovaliwa: dirii katikati, bega huku na bega huku, chapeo juu. Akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama havitaanguka.

Alinyanyua mkono wake wa kulia, polepole, akagusa kwa mbali: paji la uso, vishimo. Kifua, vishimo. Bega la kushoto. Bega la kulia. Kwingine kote, ukiacha pindo lililoharibiwa na utepe, hata kwenye kiuno na mgongo ambako mvuke wa jikoni ungefika kwanza, laini kama yai.

"Mama!" aliita Zeny. "Nanay, njoo hapa kidogo!"

*

Santing aliporudi aliwakuta wote wawili wameketi mbele ya mti ule. Nanay Ipang alikuwa na chupa yake mapajani, chupa ya sharubati ya kikohozi iliyojaa mafuta ya nazi. Si mafuta ya kukaangia. Ni yale anayopika Ijumaa Kuu, mara moja kwa mwaka, bila kusema neno toka nazi inapovunjwa mpaka mafuta yanapotulia, yenye mizizi na kipande cha nta ya kanisani ndani.

"Muulize mkweo," Zeny alimwambia mama yake, "majarini yangu imejifunzia wapi kupiga ishara ya msalaba."

Santing alitazama. Akatazama tena. Akakaa chini.

"Nanay," alisema, "umepaka lini?"

"Kila siku, ukienda kunywa kahawa. Nakuona umekisafisha kikawa kisafi kabisa, nasema hapa ndipo pazuri, baraka itaingia." Bibi hakuwa na haya hata chembe. "Mtu anakwenda kukatwa kichwa, aende hivi hivi, mkavu?"

"Mara tatu nimerudia, Nanay! Makopo mawili!"

"Na mimi mara tatu nimepaka. Nilidhani unasugua kwa sababu hayajatosha."

"Nimeweka nadhiri kwa ajili yako! Wewe uliinuka kwa nadhiri ile, na sasa unaizuia!"

"Niliinuka kwa mafuta haya," alisema Nanay Ipang, akigonga chupa kwa ukucha. "Usiku ule nilikuwa nayo chini ya mto. Nadhiri yako nimeisikia baadaye, kwa watu."

"Uliinuka kwa vidonge," alisema Zeny. "Asubuhi viwili, jioni kimoja, na hela yake ilitoka kwenye biskuti. Ila hilo hakuna anayelifanyia maandamano."

Mkono wa kushoto wa bibi ulikuwa unatetemeka juu ya chupa, na safari hii Zeny pia aliuona. Santing akageuza uso.

"Tufanye hivi, Nanay," alisema baadaye, kwa sauti nyingine. "Ndani. Dirii ina nje na ndani. Ndani kunagusa ngozi yangu. Ndani ni kwako, paka mpaka niteleze. Nje niachie mimi."

Bibi alifikiri. "Na chapeo?"

"Na chapeo ndani."

"Ndani ndiko kwenye moyo," alisema Nanay Ipang, kama kwamba wazo lilikuwa lake. "Nje ni kwa watazamaji."

Santing akamgeukia mkewe, akaanza kusema kitu, akakohoa badala yake. "Sasa, Zeny. Zimebaki siku tatu. Wewe una mkono uliotulia..."

"Utasema," alisema Zeny.

"Nitasema nini?"

"Kwamba haikuwa majarini yangu. Hadharani, kwa sauti, mbele ya wale wale waliocheka. Kabla Pasaka haijaisha."

"Nitasema."

"Lini?"

"Jumapili ya Matawi, baada ya misa. Haki ya Mungu."

*

Basi wakafanya kazi. Kwanza walivisugua vipande vyote kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, kwa sababu, kama Santing alivyogundua kwa uchungu, kitambaa chake cha thina kilikuwa kinayasambaza mafuta tu badala ya kuyaondoa. Baada ya hapo wakapiga msasa wa maji. Kisha vitambaa viwili, cha kwanza kibichi kwa thina, cha pili kikavu kinachofuata nyuma yake hapo hapo, na kila kitambaa kikitumika mara moja kinatupwa. Alhamisi asubuhi praima, Alhamisi mchana dhahabu, tabaka jepesi kwanza kama ukungu, la pili baada ya robo saa, la tatu likiwa la kulowesha zaidi. Kahawa ya Santing ililetwa pale pale karakana, na akainywa amesimama, jicho halitoki kwenye kazi.

Alihesabu kumi. Akahesabu ishirini. Dhahabu ikakaa.

"Usilie juu yake," alisema Zeny. "Machozi nayo yana chumvi."

Pindo jekundu liliachwa mpaka Ijumaa jioni, dhahabu iwe imekomaa. Safari hii walitumia utepe mwembamba wa plastiki, ule unaopinda kona bila kukunjamana. Zeny aliubandika kama anavyofuata ukingo wa kalibu ya biskuti, pumzi amezizuia. Ila utepe unahitaji kukandamizwa ukingoni, kila sehemu, la sivyo rangi inatambaa chini, na vidole vya Zeny vilikuwa vimechoka.

"Nani kisiwani hapa ana vidole gumba vya kunishinda mimi?" aliuliza Nanay Ipang kutoka mlangoni.

Walitazamana. Miaka hamsini ya kukanda migongo ya waangua nazi.

"Mikono kwanza," alisema Santing.

Alinawishwa kwa sabuni ya vyombo mpaka viwiko, mara tatu, huku akilalamika kwamba hata daktari wake hanawi hivyo. Kisha akapita ukingo wote wa utepe kwa dole gumba, kutoka bega hadi bega, taratibu, na mkono ule wa kushoto, ajabu, ulipokandamiza haukutetemeka. Santing akapulizia kwanza ukungu wa dhahabu ile ile juu ya ukingo, ili kama kuna ufa uzibwe na dhahabu na si nyekundu. Kisha nyekundu. Na hakungoja ikauke: aliubandua utepe rangi ikiwa bado mbichi, akiukunja nyuma juu yake mwenyewe, polepole, kama mtu anayembandua mtoto plasta.

Mstari ulitoka mnyoofu kama umekatwa kwa wembe.

Jumamosi saa tisa Aling Pacita alivaa miwani, akaizunguka dirii mara mbili, akapitisha kidole. Akaingiza mkono ndani, akautoa unang'aa mafuta.

"Hii nini?"

"Ya kulainisha, Aling Pacita," alisema Santing. "Mtindo mpya."

Dokta Arsenio alipewa kuwa askari wa pili kutoka kushoto.

*

Jumapili ya Matawi, baada ya misa, Santing aliumwa kichwa. Jumatatu akavaa kinyago, na aliyevaa kinyago hasemi, maana sauti itamtambulisha na nadhiri itaharibika. Tangu hapo alikuwa na udhuru mtakatifu. Kila Zeny alipomkuta barabarani na kumwambia "Santing, watu ndio hawa," Akida alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akaonyesha mbinguni, akaondoka.

Pakiti themanini zikabaki pakiti thelathini na mbili. Na Doding bado kila akipita mbele ya nyumba alipiga honi na kupunga mikono kama mabawa.

Jumapili ya Pasaka Akida alikimbizwa. Mara ya kwanza walimkamata kwenye paa la duka la vyuma, akaponyoka. Mara ya pili mtoni, akaponyoka. Mara ya tatu akaponyoka kwa urahisi zaidi, kwa sababu aliyemshika alisema baadaye kwamba mtu yule alikuwa anateleza kama kambare. Dirii iling'aa juani hata watu wa nyuma kabisa waliiona. Mwishoni alifungwa, akapanda jukwaani, akapiga magoti. Upanga ukashuka, kinyago kikainuliwa juu kama kichwa kilichokatwa, watu wakapiga ukelele, na mwili ukafunikwa kitambaa chekundu kuanzia mabegani kwenda juu, ukalazwa kwenye machela ya mianzi na kubebwa kuzunguka uwanja.

Nadhiri ilikuwa imelipwa. Chini ya kitambaa Santing alilia kidogo, kwa raha.

"Santing," ilisema sauti kando ya sikio lake. Zeny alikuwa anatembea sambamba na machela, kikapu cha biskuti kichwani. "Pasaka inaisha."

Maiti haikujibu.

"Aling Pacita yuko mbele. Doding yuko kulia. Akina mama wa mboga wote wako hapa."

Maiti ilivuta pumzi ndefu, ikatulia.

"Sawa. Mwakani unataka kuivaa tena, sivyo? Nimeshamwambia Nanay, nje nako ni kwake."

Mianzi ilitikisika. Kutoka chini ya kitambaa chekundu, mahali ambapo pasingepaswa kuwa na kichwa, sauti ilitoka kubwa kama ya mnadi.

"HAIKUWA MAJARINI! Biskuti za Zeny hazina kosa! Ilikuwa mimi, mjinga!"

Mbebaji mmoja aliachia pembe yake ya machela. Dokta Arsenio akaangusha mkuki. Aling Pacita alipiga ishara ya msalaba, paji, kifua, bega, bega, na watu mia tano nyuma yake wakafanya hivyo hivyo. Kisha Doding akaanza kucheka, na kicheko kikaenea uwanja mzima, na katikati ya kicheko mkono mmoja ukanyooka kuelekea kikapu cha Zeny, ukafuatiwa na mwingine.

Nanay Ipang alikuwa anapenya kwa viwiko, chupa mkononi.

"Amesema?" aliuliza. "Kichwa kimekatwa na amesema?"

"Amesema, Nanay," alisema Zeny, akipokea hela.

Bibi alisimama kando ya machela, akamtazama mkwewe anayejaribu kufa upya, akamtazama binti yake, akaiinua ile chupa juu ili wote waione.

"Haya, Zeny," alisema. "Na huyu naye amefufuka kwa vidonge?"